Osha banda, usimwoshe sungura

Usafi wa kila siku ni gharama ndogo, lakini vifo vya kundi ni hasara isiyorudi

MNUNUZI anayekwenda kutafuta sungura katika masoko ya kuku jijini Dar es Salaam kwa kawaida huuliza mambo matatu tu: bei, umri na mbegu. Akishapatana na muuzaji, mnyama hutolewa kwenye tenga, hutiwa ndani ya boksi lililotobolewa matundu, na safari ya kwenda nyumbani huanza. Ni wachache wanaoinua miguu ya mbele ya sungura huyo na kuitazama kwa ndani kabla ya kutoa fedha.

Hasara nyingi huanzia hapo. Sungura mwenye mafua hufuta pua yake kwa miguu ya mbele, kama paka anavyonawa uso. Manyoya ya upande wa ndani wa miguu hiyo yakiwa yameshikana na kukauka kama yaliyopakwa uji, mnyama huyo ni mgonjwa, hata kama muuzaji amempangusa pua dakika tano zilizopita. Pua inaweza kufichwa kwa kitambaa. Miguu haifichiki kirahisi.

Makala haya yanawalenga wasomaji wa aina mbili ambao mara nyingi huishia kuwa mtu mmoja. Wa kwanza ni mzazi aliyenunua sungura mmoja au wawili wawe kipenzi cha watoto. Wa pili ni mwekezaji mdogo anayetafuta mradi wa nyuma ya nyumba usiohitaji mtaji mkubwa. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena muda mfupi baada ya kuzaa. Hivyo, mzazi aliyeleta jozi nyumbani mwezi Januari anaweza kufika Juni akiwa mfugaji bila kupanga.

Kwa wote wawili kanuni ni moja. Sungura haumwi kwa bahati mbaya mara nyingi kama watu wanavyodhani. Magonjwa yake mengi hutoka sakafuni anapokaa na katika chombo anacholia. Anayetaka kulinda fedha zake aelekeze nguvu kwenye banda, wala si kwenye beseni la kumwogeshea mnyama.

MAHESABU YA UFAGIO

Wafugaji wengi wapya huandika gharama za kununua sungura, mbao, wavu na chakula. Gharama za usafi hawaziandiki, na kwa kuwa hazimo kwenye daftari, hazitekelezwi. Tufanye hesabu ya mfano. Bei zilizomo hapa ni za kuonyesha njia tu. Kila msomaji aweke za soko lake.

Tuseme umenunua majike wawili na dume mmoja kwa shilingi 25,000 kila mmoja, jumla shilingi 75,000. Fundi amekutengenezea banda kwa shilingi 60,000. Mtaji wa kuanzia ni shilingi 135,000. Kwa usafi umetenga shilingi 10,000 kwa mwezi za nyasi kavu za kutandika, siki, mifagio na brashi ngumu.

Jike mmoja akizaa watoto sita na wote wakakua hadi kuuzwa kwa shilingi 12,000 kila mmoja, mauzo ni shilingi 72,000. Sasa chukulia umeacha kufagia kwa wiki mbili za masika na watoto wanne wakafa kwa kuhara. Mauzo yameshuka hadi shilingi 24,000, na umepoteza shilingi 48,000. Fedha hizo zingelipia usafi wa karibu miezi mitano. Nazo ni hasara ya uzao mmoja wa jike mmoja tu.

KWA NINI KILA SIKU

Kuhara kunakoua watoto wa sungura mara nyingi husababishwa na vijidudu viitwavyo koksidia. Vijidudu hivi huishi katika utumbo au ini, na mayai yake hutoka na kinyesi. Yanapotoka, mayai hayo bado hayawezi kuambukiza. Yanahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja hadi siku kadhaa ndipo yakomae na kuwa hatari kwa atakayeyameza.

Kwa mfanyabiashara, huo ni muda wa neema kama ule wa mkopo. Ukiondoa kinyesi kila siku, unakitoa kabla deni halijaiva. Ukifagia mara moja kwa wiki, unafagia baada ya watoto kuwa wamekwisha kulamba sakafu yenye mayai yaliyokomaa. Hivyo watu wawili wanaweza kufanya kazi ileile kwa ufagio uleule, mmoja akapata faida na mwingine akazika.

Aidha, dawa nyingi za kusafishia nyumba haziui mayai ya koksidia, hata zikinukia vizuri. Maji yanayochemka, kukwangua, na kuanika mbao kwenye jua kali mpaka zikauke kabisa hufanya kazi kubwa zaidi. Bila shaka sungura watolewe kwanza kabla maji ya moto hayajamwagwa. Ndiyo maana inashauriwa sakafu ya banda iwe ya kuchomoka, na mwenye uwezo awe na sakafu mbili za kubadilishana, moja ikitumika na nyingine ikiwa juani.

Mkojo nao una madhara yake. Mkojo wa sungura una chokaa nyingi, ndiyo sababu huacha utando mweupe mgumu kwenye mbao na bati. Siki ya kawaida ikiachwa juu ya utando huo kwa muda hulainisha, kisha brashi humaliza. Mkojo ukikaa hutoa hewa ya amonia, ile inayochoma macho na pua. Hewa hiyo hudhoofisha njia za hewa za sungura na kufungua mlango kwa bakteria wa mafua. Kipimo chake hakihitaji mashine: inamisha kichwa chako hadi usawa wa pua ya sungura na uvute pumzi. Ikiwa wewe unakunja uso, fikiria yeye anayelala humo usiku na mchana.

BANDA LENYEWE

Wafugaji wengi hupenda sakafu ya wavu kwa sababu kinyesi hudondoka chini chenyewe. Ni kweli wavu husaidia usafi, lakini sungura hana nyayo ngumu kama za mbwa. Akikaa juu ya waya muda wote, manyoya ya chini ya miguu ya nyuma huisha, ngozi huchubuka na vidonda huanza. Suluhisho ni kumwekea kipande cha ubao laini cha kupumzikia, ambacho nacho husafishwa na kuanikwa.

Kwa sungura anayeishi ndani ya nyumba kama kipenzi, kazi ni rahisi zaidi. Kwa asili yake huchagua kona moja ya kukojolea. Mwenye nyumba hana haja ya kugombana naye. Aweke trei katika kona hiyohiyo, atandike magazeti chini na nyasi kavu juu, na abadilishe kila siku. Maranda makubwa yanafaa kutandikwa, lakini vumbi laini la msumeno lisitumike kwa kuwa huingia puani.

Vyombo vya chakula viwe vizito, vya udongo au saruji, ili visipinduliwe, na vioshwe kila siku. Maji yasikosekane saa zote. Sungura hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo tatu anaweza kumaliza karibu nusu lita, na wakati wa joto huhitaji zaidi.

SUNGURA HAOGESHWI

Kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote ni kumtia sungura kwenye beseni la maji na sabuni. Manyoya yake ni mazito na huchelewa kukauka. Akilowa hupoteza joto la mwili, na hofu peke yake inaweza kumfanya atapetape na kuvunja uti wa mgongo. Sungura mzima hujisafisha mwenyewe kwa ulimi. Akikutwa mchafu, hiyo ni taarifa kwamba ama banda ni chafu, ama amenenepa kupita kiasi asiweze kujifikia, ama anahara, ama meno yanamuuma.

Kinachotakiwa ni kupangusa sehemu iliyochafuka kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kuikausha kabisa. Sehemu ya nyuma, chini ya mkia, ikaguliwe kila siku, hasa wakati wa mvua na nzi wengi. Nzi hutaga mayai kwenye manyoya yenye kinyesi, na funza huweza kutoka ndani ya saa 24 na kuanza kula nyama ya mnyama aliye hai. Hiyo ni dharura ya kumwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Manyoya yachanwe kwa brashi laini mara moja kwa wiki, na kila siku anapobadilisha manyoya. Sungura hana uwezo wa kutapika, hivyo manyoya anayoyameza lazima yapite tumboni. Kucha zitazamwe kila mwezi na zikatwe ncha tu, bila kugusa mshipa wa damu unaoonekana ndani ya kucha nyeupe. Masikio nayo yafunguliwe na kuangaliwa. Magamba ya rangi ya kahawia ndani ya sikio ni dalili ya utitiri. Kuna utitiri mwingine unaoshika pua na miguu, na huo unaweza kumwasha hata binadamu anayemshika mnyama.

Tena, sungura asinyanyuliwe kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe makalio. Watoto wafundishwe jambo hili siku ya kwanza, na wadogo wamshike wakiwa wamekaa chini.

CHAKULA NI SEHEMU YA USAFI

Kinyesi kizuri ni vidonge vya mviringo, vikavu na vyenye nyuzi za nyasi. Vidonge hivyo havitengenezwi na pumba, bali na nyasi. Kwa sungura wa nyumbani, nyasi mbichi na kavu ziwe sehemu kubwa kabisa ya chakula, na pumba, nafaka na mashudu viwe nyongeza ndogo. Robota la nyasi kavu lisilo na ukungu linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: hulisha, huendesha utumbo na husaga meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka milimita mbili au zaidi kwa wiki. Asipotafuna vitu vyenye nyuzi, meno hupishana na mdomo huuma.

Matembele na mchunga huliwa vizuri. Majani ya kijani yaoshwe, yaachwe yanyauke kidogo na yasitolewe yakiwa na maji ya mvua au umande. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya parachichi na kisamvu kibichi yasitolewe kabisa, kwa kuwa yana sumu. Aina mpya ya majani ianzishwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Msomaji asishtuke akiona sungura ameinama na kula kitu kinachotoka nyuma yake. Hicho ni kinyesi laini cha pekee, ambacho hukila moja kwa moja ili kupata vitamini na protini zilizotengenezwa utumboni. Wala mkojo wenye rangi ya chungwa usimtie hofu, kwani mara nyingi hutokana na majani aliyokula. Cha kuogopa ni kinyesi laini hicho kikionekana kimesagika kwenye manyoya kila siku. Maana yake nafaka zimezidi na nyasi zimepungua.

JOTO LA PWANI

Mikoa ya baridi kama Kilimanjaro, Arusha na Mbeya ina nafuu. Kwa wafugaji wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar, joto ni adui wa pili baada ya uchafu. Sungura hatoi jasho la kumpoza. Joto hulitolea zaidi masikioni. Hewa ikizidi nyuzi 30, huanza kuelemewa. Banda lililoezekwa bati na kuwekwa kwenye jua la Februari linaweza kuua kundi kati ya adhuhuri na alasiri.

Banda liwe kivulini na lipitishe upepo, na bati lifunikwe kwa makuti. Chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, inaweza kuwekwa pembeni ili mnyama aiegemee. Anayehema kwa kasi apelekwe penye ubaridi na apanguswe masikio kwa kitambaa chenye maji. Asitumbukizwe kwenye maji baridi.

DAWA ZINAZOUA

Hapa ndipo wengi hupoteza mnyama ambaye angepona. Mtu akimwona sungura anapiga chafya, hukumbuka vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitishwa mdomoni mwa sungura huua bakteria wazuri wa utumbo na kuacha wabaya watawale. Mnyama huhara na kufa. Vilevile, dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili haifai kwa sungura. Dawa yoyote itoke kwa daktari wa mifugo aliyeambiwa wazi kwamba mgonjwa ni sungura.

Sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12 asisubiriwe mpaka kesho. Kwa asili ni mnyama anayewindwa, hivyo huficha ugonjwa hadi nguvu zimwishie. Atakapoonekana mgonjwa kwa kila mtu, huwa amekwisha chelewa.

MGENI AKAE PEMBENI

Sungura mpya, hata awe mzuri namna gani, asichanganywe na wa zamani siku anayofika. Akae peke yake wiki mbili kwa uchache, na mwezi mzima ikiwezekana. Wenyeji wahudumiwe kwanza, mgeni awe wa mwisho, na mikono ioshwe.

Sababu si koksidia na utitiri pekee. Ugonjwa wa virusi unaosababisha sungura kutoka damu ndani kwa ndani ulitambuliwa China mwaka 1984, na aina yake ya pili ikaonekana Ufaransa mwaka 2010. Mwaka 2020 ulithibitishwa Nigeria. Huua sungura wakubwa ndani ya siku chache, wakati mwingine bila dalili, na hauna tiba. Virusi hivyo husafiri kwa viatu, nguo, matenga na wadudu. Anayetoka kuzunguka kwenye matenga ya sokoni na kuingia moja kwa moja bandani kwake anaweza kuuleta nyumbani bila kununua kitu. Chanjo ipo duniani. Mfugaji aulize ofisi ya mifugo ya wilaya yake kuhusu upatikanaji.

TAKA ZENYE BEI

Kinyesi kinachotolewa kila siku si taka ya kutupa. Ni samadi nzuri kwa bustani ya mboga. Nchini Kenya, mkojo wa sungura hukusanywa, huuzwa na kunyunyiziwa mazao kama mbolea ya maji. Bati lenye mteremko chini ya wavu na ndoo mwishoni linatosha kuanzia. Hata kama mapato yake ni madogo, yanaweza kulipia mifagio na siki.

Hata hivyo, mwekezaji asilewe matumaini. Kenya hiyohiyo ilishuhudia sungura wakipigiwa debe sana katika miaka ya 2010, na wafugaji wengi baadaye wakalalamika kukosa wanunuzi. Soko litafutwe kabla ya kuzidisha majike. Na dume atenganishwe na ndugu zake wa kike wanapofikia miezi mitatu, ili kundi lisikue kuliko mikono ya kulisafisha. Kwa mzazi aliyenunua kipenzi tu, ajue kwamba sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto aliyeletewa sungura akiwa darasa la kwanza anaweza kumaliza sekondari mnyama huyo akiwa bado hai.

DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na sungura wamo. Daftari la shule linatosha. Kila jumapili pima uzito wa kila mmoja na uandike. Kila asubuhi andika kama chakula kimeliwa, kinyesi kikoje na nani amefagia. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, umepata onyo ambalo macho yasingekupa.

Kwa anayefikiria kuingia, ushauri wetu ni kuanza na jike mmoja na dume mmoja, kila mmoja na chumba chake, na kufagia kila siku kwa miezi mitatu bila kukosa kabla ya kuongeza hata sungura mmoja. Akishindwa kwa wawili, hatamudu ishirini, na fedha zake zitafutiwe mradi mwingine. Akiweza, arudi sokoni akiwa na fedha mfukoni, amwombe muuzaji amshikie mnyama vizuri, na aanze kwa kutazama miguu ya mbele.